Lesi na Hariri katika Picha ya Mary Howe

Picha ya Mary Howe, iliyochorwa na Thomas Gainsborough mjini Bath, Uingereza, karibu na mwaka 1764, na ambayo sasa imo katika jumba la Kenwood jijini London, husifiwa zaidi kwa uzuri wa gauni lake la hariri ya waridi kuliko kwa ufundi uliolizaa gauni hilo, ilhali ufundi ndio unaostahili kuchunguzwa kwanza. Mary alikuwa mke wa ofisa wa jeshi la majini, Richard Howe, na cheo cha kauntesi, yaani mke wa kabaila wa daraja la tatu, ambacho leo huambatanishwa na jina la picha, hakukipata hadi mwaka 1788.

Mchoraji Ozias Humphry, aliyemwona Gainsborough kazini huko Bath, alieleza kwamba picha zake zilianzia katika chumba kilichopunguzwa mwanga kiasi kwamba anayechorwa na kanvasi, yaani kitambaa kilichowambwa kwa ajili ya kuchorea, vilionekana kwa shida. Giza hilo lilikuwa na kazi yake: katika mwanga hafifu vitu vidogovidogo hupotea, yakabaki maumbo makubwa ya nuru na kivuli, na hayo ndiyo yaliyowekwa kwanza. Kanvasi ilifungwa kwa kamba nyembamba ili ukingo wake uweze kusogezwa karibu na kichwa cha mhusika, na vitu hivyo viwili vilinganishwe kwa mtazamo mmoja.

Rangi ya mafuta aliizimua kwa tapentaini, kimiminika cha utomvu wa misonobari, hadi ikawa nyepesi karibu kama rangi ya maji, hivyo tabaka la juu halikulificha kabisa lile la chini. Aproni ya lesi inathibitisha faida ya njia hiyo, kwa kuwa waridi la gauni hupenya katikati ya weupe wake, na mtazamaji anayeikaribia picha hii, yenye kimo cha takriban mita 2.4, huona mikwaruzo ya brashi tu pale alipodhani kuna ua lililodariziwa. Uso, kinyume chake, umelainishwa kwa uangalifu, nao ndio unaolipa jicho mahali pa kutulia.

Mchoraji Joshua Reynolds, ambaye mavazi katika picha zake mara nyingi yalichorwa na wasaidizi kama Peter Toms, aliwaambia wanafunzi wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa mwaka 1788, miezi michache baada ya kifo cha Gainsborough, kwamba alama za brashi kama hizo, zinazofanana na matokeo ya bahati zinapotazamwa karibu, hupata umbo kwa mbali. Sifa hiyo ni ya haki, lakini neno bahati halitoshi hapa, kwani mikwaruzo ya lesi hupinda kila hariri inapopinda, na mkono usiojua unakokwenda usingeweza kuifuata mikunjo hiyo.