Kikombe Kilikuwepo, Liva Zikatangulia

Mliokuwa stendi ya Tukuyu Jumamosi ile, mvua ilipopumzika kidogo, hamhitaji kusimuliwa. Phoenix ya muuza maziwa ilipinduliwa magurudumu juu, madumu yake yakaegeshwa ukutani. Fundi hakuuliza, hakuinama, hakulowesha kitu. Alinyoosha mkono akachukua liva mbili za kutolea tairi. Kwangu mimi kazi iliharibika hapo hapo, tairi likiwa bado halijatoka hata upande mmoja, maana tyubu ile haikuwa na pancha. Upepo ulikuwa unatokea kwenye valvu.

Mtasema ni rahisi kunena jambo likishapita. Sikubali. Mwenye baiskeli alikuwa ameshatoa ushahidi wake wote, na sote tulimsikia: "Asubuhi najaza, nakwenda nayo Kiwira, narudi, upepo upo. Nikiamka, iko chini." Msumari hausubiri mwenye baiskeli alale. Upepo unaoondoka kidogokidogo usiku kucha una njia chache: kitundu kidogo kama ncha ya sindano, kiraka cha zamani kilichoachia pembeni, au valvu. Mbili za kwanza zinadai tairi litoke. Ya tatu inadai tone la mate. Sasa mtu mwenye akili zake timamu anaanza na ipi?

Hapa lazima nimtaje mzee wetu fundi baiskeli wa Katumba, ingawa najua wapo wanaochoka nikimtaja. Kijiwe chake kilikuwa chini ya mparachichi, na kifaa chake cha kwanza kilikuwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Ukimletea baiskeli inayolala usiku, alikuwa akijaza upepo, analizungusha gurudumu polepole mpaka valvu ifike juu kabisa. Ikiwa juu, mdomo wake unaangalia chini, kuelekea kwenye ekseli. Anakipitisha kikombe cha maji katikati ya spoku, anakipandisha mpaka valvu izame, anatulia. Hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Povu moja, akangoja, povu la pili. "Haya, umeona mwenyewe, mwanangu," anasema, na liva zimebaki ndani ya gunia. Kazi yote hiyo haimalizi dakika moja. Jumamosi ile kikombe kilikuwepo, tena cha kahawa kama kile, pembeni ya pampu, kina majani ya chai yaliyokauka chini.

Turudi kwenye liva, kwa sababu kosa lile lilizaa mengine mawili, na la pili ndilo lililoniuma zaidi. Ili atoe tyubu, fundi alilegeza nati, akachomoa valvu. Mnaijua valvu hii: kijiti cha chuma chenye tundu ubavuni, juu yake umevishwa mpira mwembamba. Ukipampu, upepo unausukuma mpira, unapita. Ukiacha, upepo wa ndani unaukandamiza mpira juu ya tundu, mlango unajifunga. Hakuna springi, hakuna kingine. Ubora wa mlango huo ni ubora wa kale kampira. Na mpira ule, mabibi na mabwana, ulikuwa umepasuka kwa urefu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake nikauona. Ulikuwa mkavu, umebadilika rangi kama ganda la ndizi la juzi, na pale penye tundu umeachia kabisa. Jibu la swali alikuwa nalo kati ya kidole gumba na cha shahada. Akaliweka juu ya gunia, kwenye vumbi, akaendelea na tairi.

Kosa la tatu lilikuwa kwenye beseni. Valvu ikarudishwa na mpira wake ule ule, tyubu ikajazwa, ikazamishwa, ikazungushwa kipande kwa kipande, na muda wote huo ameishika wapi? Kwenye valvu. Kidole gumba kimekaa juu ya mdomo wake, nje ya maji. Kila sehemu ya tyubu ilihojiwa isipokuwa mshitakiwa. Povu halikutokea, na badala ya kujiuliza kwa nini halikutokea, akakitilia shaka kiraka cha zamani kilichokuwa kimeshika vizuri, akakibandua, akapiga kingine.

Kiraka chenyewe alikipiga vizuri: msasa, solusheni, subira, nyundo. Sina neno.

Kisha ikaja falsafa. Jirani mmoja wa kijiwe, aliyekuwa ameshika mkungu wa ndizi, akatangaza kwamba tatizo ni hali ya hewa, kwamba upepo uliojazwa mlimani huku unalegea ukishuka Kyela. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikapiga hesabu nyumbani jioni ile. Tukuyu iko kwenye kama mita 1,500, Kyela kama 500. Ukiteremka hivyo, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi, na tairi linapoteza kama pauni moja na nusu ukilipima. Lakini kule ni joto, tuseme nyuzi 8 zaidi, na joto hilo linaliongezea tairi la pauni 45 karibu kiasi kile kile. Zinafutana. Isitoshe, muuza maziwa hajasema popote kwamba anakwenda Kyela.

Chanzo cha haya yote nakijua, na nimekipigia kelele tangu zamani. Vijana wamelelewa na pikipiki. Valvu ya pikipiki, ile ya aina ya gari yenye sindano ndani, aliyoiacha August Schrader wa New York, haikupi mpira wa kuukagua. Ikivuja unabadilisha sindano au unafunga kifuniko na kuomba Mungu. Kwa hiyo mkono wao umezoea kuruka valvu na kwenda moja kwa moja kwenye tyubu. Na kompresa nayo! Mtu analeta baiskeli yenye tyubu ya 28, mwingine anaiunganisha na mashine ya kujazia malori, halafu wanashangaa tyubu ikipasuka. Pampu ya mkono inakuambia habari. Ikiwa nzito kupita kawaida, mpira umegandamana na chuma. Ikiwa nyepesi mno, mpira haupo au umechanika. Kompresa haimwambii mtu chochote.

Kuna wanaodai valvu yetu hii imepitwa na wakati, kwamba ile ya gari ndiyo mwisho wa maneno. Nawaachia yao. Mimi nataka valvu ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuitengeneza porini kwa kipande cha mpira kifupi kuliko kucha. Baba yangu aliendesha Swala, zile zilizotengenezwa na NABICO kule Dar es Salaam, na kwenye mkoba chini ya kiti kulikuwa na kopo dogo la poda. Ndani ya poda, mipira ya valvu, imekaa gizani, laini kama siku iliponunuliwa. Leo mipira hiyo inaning'inizwa juani sokoni kutwa, wiki hata wiki, mpaka inauzwa ikiwa imeshazeeka. Halafu mtu anaipaka oili ili iingie vizuri kwenye chuma, na oili inaula mpira. Ilowesheni kwa mate. Mate hayanunuliwi.

Na kwa kuwa wengi huiita valvu yetu hii ya Dunlop, niseme tu kwamba Waingereza huiita ya Woods. Dunlop alikuwa daktari wa mifugo pale Belfast, na alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Akasajili ugunduzi wake mwaka 1888, akasifiwa, kisha hati ikabatilishwa kwa sababu Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa ameshasajili wazo hilo mwaka 1845. Naye hakuangalia kwanza.

Nisionekane kama nazichukia liva. Zipo siku zake. Ukiona valvu imeinama, haikusimama wima kwenye tundu la rimu, hapo chukua liva bila kuuliza. Maana yake tairi limetembea juu ya rimu, na huku kwetu linatembea kwelikweli: upepo mdogo, ndizi mikungu minne kwenye keria, mteremko, breki imekazwa, na tyubu inavutwa na tairi huku shingo ya valvu imebanwa na nati. Inachanika pale chini inapoungana na tyubu. Mvua zetu zikishalila tundu la rimu kwa kutu, ukingo wake nao unakata kama wembe. Mchaniko wa pale chini usiuzibe, kiraka hakilali sawasawa juu ya kile kitako. Nunua tyubu, piga msasa tundu la rimu, jaza upepo wa kutosha. Lakini valvu ya Jumamosi ilikuwa imesimama wima kama askari wa gwaride. Hata hilo lilionekana kwa macho kabla ya liva.

Jumatatu alfajiri muuza maziwa alinikuta nyumbani, anaisukuma, gurudumu la nyuma chini. "Shikamoo mzee. Ile kazi haikushika." Nikamwambia aegeshe madumu. Hatukugusa tairi. Nilichomoa valvu, nikaukata mpira mpya kwa kisu kwa kiasi cha kulifunika tundu na kuzidi kidogo, nikaulowesha, nikauvisha kwa kuuzungusha polepole usijikunje, nikairudisha, nati nikaikaza kwa vidole tu. Akapampu. Nikalizungusha gurudumu valvu ikawa juu, nikaleta kikombe. Alikiangalia kikombe kile muda mrefu kuliko mimi.

"Mbona hakuna kitu?" akauliza.

Mpira uliotoka ninao hapa mezani ninapoandika. Mpasuko wake ni mrefu kama nusu ya punje ya mchele, na vumbi la gunia lile la Jumamosi bado limeung'ang'ania.