Michoro ya Bwanjai na Jicho la Mtazamaji

Wapo wanaoidharau michoro myekundu ya miambani Bwanjai, si mbali na Bukoba, kwa kuwa mtu ameonyeshwa kwa mistari michache tu, na ng'ombe vivyo hivyo. Hukumu hiyo yakosa. Max Wertheimer, katika makala yake ya mwaka 1923, alionyesha kwamba akili haipokei alama mojamoja: huziunganisha zilizo karibu, zinazofanana, na zinazofuatana, hata pengo likazibwa. Mchoraji aliacha kile ambacho jicho lingekitimiza.

Lakini kanuni hizo zaeleza tu kwa nini mistari huwa umbo moja. Hazielezi kwa nini umbo hilo huwa ng'ombe. Mtu wa Bukoba au Muleba, ambako samadi imerutubisha vibanja vya migomba, huzitambua pembe upesi. Mtu wa pwani aweza kuona jahazi.

Hatari kubwa iko kwa mwenye kunakili. Rangi ikififia, pengo la mchoraji na pengo la mvua huzibwa na jicho kwa namna moja. Basi na aonyeshe mstari unapokoma, wala asiuunganishe.