Mapeasi katika Divai: Uhakiki wa Lugha ya Jikoni

Mhakiki wa jarida hili amezoea kuletewa riwaya, tamthilia au diwani. Leo naomba ruhusa ya wasomaji nihakiki maandishi ya namna nyingine, yasiyozidi nusu ukurasa: maelezo ya kupika mapeasi katika divai nyekundu, kama yanavyonakiliwa kwa Kiswahili na kupitishwa mkono kwa mkono miongoni mwetu walimu. Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya jiko, si ya fasihi. Lakini maelezo ya upishi ni maandishi ambayo msomaji huyajaribu siku iyo hiyo, na kosa la mwandishi huonekana sahanini. Ni washairi wangapi wangekubali mtihani huo?

Chakula chenyewe twakijua kuwa cha Ufaransa, hasa cha nchi za mizabibu kama Burgundy na Beaujolais, ingawa asili yake ni kongwe na imetapakaa. Forme of Cury, mkusanyo wa mapishi ya wapishi wa mfalme Richard II wa Uingereza, wa yapata mwaka 1390, una mapeasi yaliyomenywa na kupikwa kwa divai nyekundu pamoja na forosadi. Kazi ya leo haikuachana sana na ile. Peasi lililokomaa ila bado gumu humenywa, likaachiwa kikonyo chake. Divai hutiwa sukari, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili tatu na ganda la chungwa. Matunda hulazwa humo hata yalainike bila kupasuka, kisha huopolewa, na divai iliyobaki huachwa motoni ipungue iwe shira. Chupa moja ya divai yatosha mapeasi manne hadi sita, kwa sukari ya gramu 150 hivi.

Sasa tuitazame nakala niliyo nayo, iliyopigwa chapa bila jina la mfasiri. Yeye aagiza kwamba mapeasi yachemshwe katika mvinyo kwa nusu saa, basi. Katika agizo fupi hilo mna makosa matatu.

La kwanza ni kitenzi. Kinachochemka hutoa mapovu makubwa na kugongesha matunda sufuriani. Nje huwa uji, kiini kingali kigumu. Upishi huu wataka divai iliyo chini ya kuchemka, yapata nyuzi 85 za Selsiasi, itetemayo tu usoni mwake. Wafaransa wana kitenzi kimoja, pocher, kibebacho maana hiyo nzima. Je, sisi hatuna lugha? La hasha. Mama zetu hawachanganyi kuchemsha maji, kutokosa mayai na kupwaza muhogo, wala hawamwambii mtoto achochee kuni pale wanapotaka moto wa pole. Ni kweli kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivyo kinacholingana sawasawa na kile cha Kifaransa. Basi mfasiri angesema kwa maneno sita: moto wa pole, divai itetemeke isichemke. Mfasiri asiyejua neno husameheka. Asiyetazama sufuria simsamehi.

La pili ni ile nusu saa. Asidi na sukari iliyomo divaini huchelewesha tunda kulainika, hivyo peasi gumu laweza kupita dakika 40, na lililokwisha kuiva likawa tayari kwa 15. Msomaji alihitaji kupewa dalili, si saa: ncha ya kisu ipenye hata kiini pasipo kusukumwa.

La tatu ndilo zito zaidi. Kwa wazee wengi mvinyo ni kileo kikali chochote, na mtu aweza kwa nia njema kabisa kumimina pombe ya moto humo. Divai, neno tulilolipata kwa Wafaransa hao hao, lingeondoa shaka. Naye mfasiri, kana kwamba ameona wasiwasi wa msomaji wake, aongeza kwamba pombe yote huruka na mvuke. Si kweli. Ijapokuwa pombe peke yake huchemka kwa nyuzi 78, ikichanganyika na maji haitoki yote. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 1992 vilionyesha kwamba, katika chakula kilichopikwa kwa moto wa pole, baada ya dakika 15 hubaki asilimia 40 hivi ya pombe, baada ya saa moja asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu asilimia 5.

Mimi mwenyewe niliwahi kumwandalia mapeasi haya mwalimu mwenzangu, Mwislamu. Aliniuliza kama mna pombe, nami nikamjibu kwa maneno ya ile nakala. Nilipokuja kusoma vipimo hivyo nilimwendea nyumbani kwake kumweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwalimu, wewe uliyaamini maandishi, nami nilikuamini wewe.” Hakunilaumu zaidi ya hapo, na tangu siku hiyo sijaweza kuiona sentensi ile kuwa ni kosa dogo la tafsiri. Kwa mgeni wa namna hiyo hupika kwa maji ya komamanga na limau. Chakula hicho ni kingine, kina utamu wake, na nakiita kwa jina lake.

Tumtendee haki mfasiri. Kuhusu shira ameandika vizuri mno: ataka ishike mgongo wa kijiko na kuacha njia kidole kinapopita. Hapo aliitazama sufuria. Ila amesahau kumwambia msomaji ayarudishe mapeasi katika shira hiyo ikiisha poa, yalale humo hata asubuhi. Likikatwa mapema, peasi huwa jekundu nje na jeupe ndani.