Herufi Kifuani

Ukitafuta Washaker mtandaoni, utaonyeshwa viti. Kiti cha mbao, ukuta mweupe, mwanga wa dirishani, alafu maneno yaleyale: usahili, utulivu, kazi ya mkono. Picha ni nzuri, sikatai. Lakini imefuta mashine, na pamoja na mashine imewafuta wanawake walioziendesha.

Hebu twende Canterbury, New Hampshire, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Hawa ni Wakristo wasiooa wala kuolewa, na mali yote ni ya jamii. Wanaume wamepungua, kwa hivyo kina dada ndio wanaobeba uchumi. Wananunua mashine za kufuma, ndugu za zile zinazofuma sweta za shule hapa kwetu, na kuanza kuuza sweta nzito za sufu. Wala hawaoni haya. Si ni Canterbury hiyohiyo iliyopeleka mashine ya kufulia kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876? Kwao, kuokoa muda haikuwa dhambi.

Sasa angalia wateja: Harvard, Yale, Princeton, Dartmouth. Sweta za wanamichezo, zile za kuvaliwa na herufi ya chuo kifuani. Wanaosomea shahada ya kwanza huko wakati huo ni wanaume watupu. Yale na Princeton zilifungulia wasichana mlango mwaka 1969, Dartmouth 1972. Yaani dada anafuma kola, anaunganisha mikono, anakagua kila mshono, kisha sweta inaenda kumpasha joto kijana anayesoma mahali ambapo yeye asingepokelewa.

Mimi niliacha chuo. Hudi yake bado ninayo, na nikiivaa watu huniuliza nilisomea nini. Kwa hivyo najua herufi kifuani inadai nini.

Msiwahurumie haraka, lakini. Dada huyu alikuwa na chakula, paa, na karakana isiyo na tajiri wa kumfokea. Mshahara wake mwenyewe hakuwa nao. Yote mawili ni kweli, na ile picha ya kiti haina nafasi ya hata moja.

Madukani, "Shaker" bado ni jina la mfumo wa sweta nzito. Ukiikuta, igeuze ndani nje. Tazama mishono kwanza, bei baadaye.