Bluu Peke Yake Haitoshi

Sheria huwa chache. Mwezi ukianza, mada inatangazwa: maji, dirisha, mikono, upweke. Kila mtu ana siku kama thelathini za kuleta picha moja, na lazima iwe ya filamu au ya njia za kale kama sainotaipu na kolodioni. Wanachama wanapiga kura wenyewe. Pesa hakuna. Anayeshinda anapewa kazi ya kuchagua mada ya mwezi unaofuata, basi.

Mashindano ya aina hii yako kwenye vikundi vingi vya wapiga picha wa filamu, na mimi huyafuata vile wengine wanafuata ligi. Nayapenda. Ndiyo maana nataka kuyasema kidogo.

Shida yake kubwa ni huruma. Mtu akileta picha ya kolodioni, kila mtu anajua alichopitia: kioo kimepakwa dawa, kimeingizwa kwenye kamera kikiwa bado kimelowa, picha imepigwa na kuoshwa kabla dawa haijakauka. Una kama dakika kumi au kumi na tano hivi, na chumba cha giza lazima kiwe hapo karibu. Frederick Scott Archer aliitangaza njia hiyo mwaka 1851 na mpaka leo inatoa watu jasho. Sasa wewe umwambie huyo mtu kwamba kiti chake kitupu ni kiti kitupu tu? Utaonekana mchawi. Kwa hivyo watu wanaandika "kazi safi" na kura inaenda. Jasho limeshinda, picha yenyewe hakuna aliyeiangalia.

Wateja wa studio za zamani hawakuwa na hiyo huruma. Aliyeenda kwa Parekh kule Mombasa, au kwa Bakor kule Lamu, hakuwa analipia harufu ya kemikali. Alitaka kujiona vile alivyotamani kuonekana. Nadhani wale wazee wangeshangaa sana kusikia mtu anasifiwa kwa sababu tu ameosha filamu mwenyewe.

Sainotaipu ndiyo imezidi. Ile bluu ni tamu, sibishi. Chumvi mbili za chuma, karatasi, jua, maji ya mfereji, na una picha. Lakini tangu John Herschel aivumbue mwaka 1842, bluu hiyo imeokoa picha nyingi ambazo hazina la kusema. Mada ikiwa "upweke", mtu analeta jani: jani ni pweke. Ikiwa "nyumbani", analeta jani lile lile: limetoka nyumbani. Bana.

Hebu tumchukue Anna Atkins, Mwingereza aliyeanza mwaka 1843 kutoa kitabu cha picha za mwani kwa njia hiyo hiyo. Angeingia mwezi wa "maji", ningempa kura bila kufikiria mara mbili. Mmea wa majini umelazwa juu ya karatasi, jua limeuchora, kisha karatasi imeoshwa kwa maji ndiyo picha ibaki. Na rangi iliyobaki ni ile tuliyokuwa tukipaka bahari kwenye vitabu vya shule. Maji yako kwenye mada, yako kwenye kazi, yako kwenye matokeo. Ukiiondoa njia, hakuna picha. Kipimo changu ni hicho tu: hii ingepigwa kwa simu, tungekosa nini? Kama jibu ni rangi, kuna programu inayofanya hivyo kwa sekunde mbili.

Mada ikiwa "mwendo", hapo ndipo watu hujaa na magari yaliyofifia. Mimi ningempigia kura Louis Daguerre, ile picha yake ya Boulevard du Temple ya mwaka 1838. Barabara ya Paris, mchana, na karibu hakuna mtu. Watu na magari ya farasi walikuwepo, ila dagerotaipu ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na wote walipita haraka mno. Aliyebaki ni mmoja, amesimama anapigwa viatu rangi. Angalia tena pale chini: mteja anaonekana vizuri, anayempiga rangi ni hafifu, kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini. Picha iliyoshindwa kunasa mwendo imetuambia nani mjini ana nafasi ya kutulia. Sijui kama Daguerre mwenyewe alilifikiria hilo, na kusema ukweli sijali.

Kuna pia suala la simu. Dagerotaipu inatengenezwa juu ya bamba la fedha linalong'aa kama kioo. Ukiligeuza mkononi, picha inatokea, inapotea, inageuka negativu. Ukiiweka kwenye skrini, yote hayo yanakufa. Sioni dawa ya hilo, labda watu wakutane.

Kitu ambacho singegusa ni ule mwezi mmoja. Filamu ina tabia ya kulala ndani ya kamera mpaka mwenyewe asahau alichopiga. Hapa kwetu ni ya kuagiza na bei yake si mchezo, kwa hivyo watu wanabana, roli ya picha 36 inavuka msimu mzima. Mada na tarehe ya mwisho zinamlazimisha mtu amalize, aoshe, aonyeshe hata kama mwanga umevuja pembeni. Kusipokuwa na pesa, hakuna aibu ya kushindwa. Basi kama hakuna aibu, kwa nini tunaogopa kuambiana?

Ningekuwa na nafasi ya kuchagua, mada ya mwezi ujao ingekuwa "kelele". Nataka kuona mtu wa kolodioni atafanya nini na kelele. Na wale wa majani, watafute kitu kingine.