Shira Inayopimwa kwa Vidole

Kaimati zinazouzwa Makina, Kibera, jioni za Ramadhani, huja zimevikwa sukari nyeupe, kavu, isiyonata mkononi. Wengi husifu unga ulioumuka. Mimi nasifu shira, kwa kuwa kazi ngumu iko huko.

Lita moja ya maji ya kawaida huyeyusha karibu kilo 2 za sukari; yakifika nyuzijoto 100, hubeba karibu kilo 5. Molekuli ya sukari ina vishikizo vinane ambavyo maji huvidaka. Mafuta hayavidaki, na spiriti safi huambulia sukari kidogo mno. Ndiyo maana kaimati zikitoka karaini huchujwa vizuri kwanza: shira haikai juu ya mafuta.

Mpishi hodari hutia vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji. Sukari yote huyeyuka, na maji ya kukausha hayabaki mengi. Panaponunuliwa maji kwa mtungi na makaa kwa mkebe, kikombe cha ziada ni hasara mara mbili.

Kisha kuna kupima. Huchota tone, akaliacha lipoe kidogo, akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akaviachanisha taratibu. Uzi ukikatika upesi, bado. Ukivutika, tayari. Kipimo hiki nakiheshimu kuliko kipimajoto. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Shira ya uzito uleule huchemka hapa ikiwa na karibu nyuzijoto sita pungufu ya Mombasa. Anayefuata namba iliyoandikwa kwa ajili ya pwani ataipitiliza. Vidole havidanganyiki, maana vinahisi uzito wa shira yenyewe.

Hadi hapo mpishi hataki shira ikorogwe. Hufuta kingo za sufuria kwa kitambaa kilicholowa, isije punje moja ya sukari ikadondoka ndani na kuigandisha yote kabla ya wakati. Akishaipua, mambo hugeuka: shira inayopoa imebeba sukari kuliko maji yake yanavyoweza kuhimili, na sasa ndipo humwaga kaimati na kuzigeuza bila kupumzika. Punje huanza kuota, kila moja ikivuta nyingine, mpaka weupe uenee. Kukoroga kulikokatazwa dakika chache zilizopita ndiko kunakokamilisha kazi. Kulijua badiliko hilo kwa macho na mkono, kwangu, ndio ufundi wenyewe.

Anayependa shira inayong'aa hukamulia limau ikiwa motoni. Ukali wake huivunja sukari iwe glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo huzuia punje kujipanga. Mabuyu nayo huvikwa shira, lakini hayahitaji limau: Kawangware, wanafunzi wanapoyanunua na kurudi nyumbani na vidole vyekundu, ukali huo umo ndani ya ubuyu wenyewe.

Na shira ikiganda mapema? Mpishi haitupi. Huongeza maji kidogo, akairudisha jikoni, sukari ikayeyuka upya, naye akaanza tena kufuta kingo za sufuria.