Mambo Madogo katika Filamu ya "Glengarry Glen Ross"

Filamu iitwayo Glengarry Glen Ross ilitolewa mwaka 1992 chini ya uongozi wa James Foley. Maneno yake yaliandikwa na David Mamet, naye aliyatoa katika mchezo wake mwenyewe wa kuigiza wenye jina hilohilo, uliochezwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1983, ukapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1984. Habari yake si ndefu. Usiku mmoja wa mvua, wauzaji wa viwanja katika ofisi moja ya Marekani wanajiwa na mjumbe wa matajiri wao. Mjumbe huyo awaambia kuwa katika mashindano ya mauzo ya mwezi, wa kwanza atapata motokaa ya Cadillac, wa pili atapata seti ya visu vya kukatia nyama, na wa tatu atafukuzwa kazi. Usiku huohuo ofisi yavunjwa, na vikaratasi vyenye majina na anwani za watu wanaodhaniwa kuwa wanunuzi vyaibiwa. Asubuhi mpelelezi wa polisi awahoji wauzaji mmoja mmoja, na kabla ya adhuhuri mwizi amekwisha kujulikana.

Kwa muhtasari huo mtu aweza kudhani kuwa ni hadithi ya wizi tu. Tena wengi waliopata kuisifu filamu hii huisifu kwa ajili ya hotuba ya mjumbe yule, iliyosemwa na Alec Baldwin kwa sauti ya radi na matusi mengi, hata ikawa maneno yake yakaririwa na watu wasioijua sehemu nyingine yoyote ya filamu. Sifa hiyo si ya bure, lakini yaelekea mahali pasipo pake. Hotuba ile haikuwamo katika mchezo wa asili. Iliandikwa kwa ajili ya filamu, na kazi yake ni kuwasha moto chini ya chungu. Kinachopikwa ndani ya chungu ni mambo madogo: kikombe cha kahawa, saa ya jikoni, keki ya dukani, simu isiyojibiwa, neno moja lililoponyoka. Mtazamaji asiyeyaangalia hayo atakuwa ameona hasira, lakini hakuona msiba.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni bidhaa yenyewe. Kwa muda wa filamu nzima hakuna kiwanja hata kimoja kinachoonekana. Vipo vijitabu vya matangazo, ipo ramani, yapo majina. Na majina yenyewe yana hila: Glengarry na Glen Ross ni majina ya sauti ya Kiskoti, yanayoleta fikirani mabonde ya kijani na milima yenye ukungu, nayo Glengarry Highlands, yaani nyanda za juu za Glengarry, iko Florida, jimbo lijulikanalo kwa utambarare wake. Hakuna mtu katika filamu anayesimama kulieleza jambo hilo. Jina latajwa, Florida yatajwa, na mwenye akili aachiwa acheke au ahuzunike.

Hapa Kiswahili chapata kazi ya kufikiri. Watu hawa waitweje? Mchuuzi hubeba mali yake, nayo huonekana, na mnunuzi huigeuzageuza kabla ya kutoa fedha. Dalali wa viwanja husimama kati ya watu wawili, na aghalabu huenda na mnunuzi hata kwenye shamba lenyewe akamwonyesha mpaka wake. Hawa hawabebi kitu, wala hawamwonyeshi mtu kitu. Mali yao yote ni maneno. Neno "mwuzaji" lafaa kwa kuwa halisemi mengi, walakini mfasiri atakayelitumia hana budi kukumbuka kuwa ameacha nje nusu ya maana: ya kwamba watu hawa wakinyamaza wamefilisika.

Ndiyo maana mambo madogo ya usemi yana uzito wa matendo. Mfano ulio bora ni mazungumzo ya Dave Moss na George Aaronow, waliochezwa na Ed Harris na Alan Arkin. Moss ataja habari ya kuivunja ofisi na kuviuza vikaratasi kwa mshindani wao. Aaronow, mtu mwoga na mwema, auliza kama kweli wanalizungumza jambo hilo au wanalitaja tu. Kiingereza kina vitenzi viwili vilivyo karibu sana kwa maana, na Moss ajificha katika ufa mwembamba ulio kati yake: la, hawalizungumzi, wanalisema tu, kama wazo. Baadaye kidogo yadhihirika kuwa Moss amekwisha kumpangia mwenziwe kazi ya kuingia ndani, na Aaronow akikataa aambiwa kuwa ameshakuwa mshiriki. Kwa sababu gani? Kwa sababu alisikiliza.

Mfasiri wa Kiswahili ana njia ya kuyaeleza hayo pengine vizuri kuliko Kiingereza. Kusema, kunena, kuzungumza na kuongea haviko mbali, na tofauti ya "kulisema jambo" na "kulizungumza jambo" yatosha kuushika ujanja wa Moss, kwa kuwa kuzungumza kwahitaji wawili na kusema kwaweza kuwa kwa mmoja. Lakini pigo lenyewe liko katika kitenzi cha mwisho. Kiswahili hutenga kusikia na kusikiliza. Kusikia humpata mtu bila ya hiari yake. Kusikiliza ni tendo la kukusudia, na kitenzi chenyewe kimerefushwa ili kuionyesha nia hiyo. Aaronow aliyedhani kuwa amesikia ahukumiwa kwa kusikiliza. Hatia yake yote imo katika silabi mbili.

Mtu wa pili anayefaa kutazamwa kwa makini ni Shelley Levene, mzee aliyewahi kuwa hodari na sasa bahati imemkimbia. Jack Lemmon alimcheza, akapata tuzo ya mchezaji bora katika tamasha la Venice mwaka 1992. Filamu humwonyesha mapema akiwa katika simu, akiuliza habari za binti yake aliye hospitalini. Katika mchezo wa asili binti huyo ni neno tu linalokatwa kabla ya kumalizika. Filamu yampa simu na hospitali, walakini haimpi uso wala sauti. Uamuzi huo ni wa busara. Mgonjwa akionyeshwa kitandani, mtazamaji angelia upesi na kusahau upesi. Asipoonekana, humfuata Levene kama deni.

Baada ya simu hiyo kila kitendo kidogo cha mzee chaonekana kwa macho mengine. Anyosha mkono kujimiminia kahawa, na mjumbe amwamuru aiweke chini, kwa kuwa kahawa ni ya wanaomaliza biashara. Apiga simu kwa wateja akijifanya mkubwa wa shirika aliye safarini, na katikati ya maneno ageuka kumwita karani wake Grace amtazamie saa za ndege. Naye Grace hayupo, wala hakupata kuwako. Amwomba mkuu wa ofisi, Williamson, amwuzie vikaratasi viwili vilivyo vizuri. Wakubaliana bei, kisha yaonekana kuwa fedha aliyo nayo mfukoni haitoshi, na hakuna mkopo. Aenda mvuani hadi nyumbani kwa mtu aitwaye Spannel, na mwenye nyumba amtoa kwa adabu nyingi, ambayo yauma kuliko matusi. Mfa maji haishi kutapatapa, lakini sanaa ya Lemmon ni kuonyesha mfa maji anayejaribu kutapatapa kwa heshima, kofia kichwani na tabasamu mdomoni.

Asubuhi Levene arudi na furaha: amewauzia Bruce na Harriett Nyborg viwanja vinane kwa dola 82,000. Ataka chaki, ataka jina lake liandikwe ubaoni. Kisha asimulia, na usimulizi wake ndio kitovu cha filamu. Aeleza jinsi alivyokaa jikoni mwao, akala keki ya mwenye nyumba, akaijua kuwa imenunuliwa dukani. Jinsi alivyoishika kalamu akanyamaza dakika 22 kwa saa ya jikoni. Jinsi mabega ya wale wawili yalivyolegea wote pamoja, wakatia sahihi, na wakanywa vinywaji vyao katika vigilasi vidogo bila ya neno. Mtu aliyeishi kwa maneno apata ushindi wake mkubwa kwa ukimya. Na anayesimulia ni bingwa wa mambo madogo: hakuna lililompita.

Moja limempita. Williamson, aliyechezwa na Kevin Spacey, amfunulia mwishoni kuwa hundi ya akina Nyborg haina fedha, kwamba ni watu wasio na akili timamu wapendao tu kuzungumza na wauzaji, na amwuliza kama hakuona jinsi walivyokuwa wakiishi. Swali hilo ni zito kuliko hotuba yote ya mjumbe. Levene aliitazama saa, kalamu, keki na gilasi, nyumba hakuitazama. Aliona kila kitu kilichohusu mauzo, asione watu. Hapo yabainika kuwa filamu haiwasifu watazamao vitu vidogo kwa kuwa ni watazamaji tu. Yauliza wanavitazama kwa ajili ya nini.

Jambo hilohilo ndilo linalomtia mzee kitanzini. James Lingk, mnunuzi dhaifu aliyenaswa usiku katika mkahawa wa Kichina na Ricky Roma, arudi asubuhi kwa amri ya mkewe kuuvunja mkataba. Roma, aliyechezwa na Al Pacino, amdanganya ili siku zipite. Levene amsaidia kwa kujifanya mteja tajiri, na wawili hao hucheza pamoja kama wapiga ngoma waliozoeana. Kisha Williamson, akidhani anasaidia, atamka kuwa mkataba wa Lingk ulikwisha kupelekwa benki. Biashara yaharibika. Levene amkaripia: mtu akitaka kuzua neno, na awe na hakika kuwa litafaa. Lakini Williamson alikuwa kweli amezua. Mkataba ulibaki juu ya meza yake usiku ule, kinyume cha desturi. Na nani angeweza kujua hayo ila aliyeingia ofisini gizani? Mdomo huponza kichwa. Hakuna alama ya vidole wala shahidi. Mwizi ajulikana kwa sentensi moja aliyoisema kwa furaha, wakati alipojiona amekuwa tena mwalimu wa watu. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa urefu wake ni sentensi hiyo tu.

Kabla ya hapo Lingk ameondoka, na kuondoka kwake kuna jambo dogo ambalo Jonathan Pryce alilicheza kwa upole wa kutisha. Alaghaiwaye amwomba radhi alaghaiye. Asikitika kuwa amemvunja moyo Roma, kwa kuwa usiku ule alidhani amepata rafiki. Roma alikuwa amezungumza naye kwa muda mrefu habari za maisha, hofu na starehe kabla ya kukikunjua kijitabu cha viwanja. Kilichouzwa kilikuwa usuhuba, na Lingk aona haya kuurudisha.

Filamu ina kasoro zake. Wanawake hawana nafasi: mke wa Lingk ni amri kutoka mbali, binti wa Levene ni simu. Dharau ya wauzaji kwa wenye jina la Patel, jina lijulikanalo sana katika maduka ya Mombasa na Dar es Salaam, yatajwa kama mzaha wa kazi na kuachwa hivyo. Mtazamaji wa pwani hataicheka kwa wepesi. Na kelele za mwanzo huwafanya wengine waamini kuwa ukatili wa mjumbe ndio hekima ya kazi. Hata hivyo mwisho wake huwajibu hao. Levene, akiisha kukamatwa, ajaribu mara ya mwisho kumtaja binti yake, na Williamson hampi nafasi ya kumaliza. Simu iliyoonekana kuwa jambo la pembeni yarudi kudai malipo yake. Roma aenda mkahawani. Aaronow, aliyesema mara kwa mara kuwa kazi hii aichukia, aketi tena mezani pake.

Atakayejaribu kuitia filamu hii, au mchezo wake, katika Kiswahili asianze na matusi, ingawa ndiyo yasikikayo kwanza. Aanze na "alisikiliza", na keki ya dukani, na saa ya jikoni. Akiyapata hayo, hasira zitajipatia maneno zenyewe.